Uliishia Katikati

Siku kumi na saba mwinjilisti Zefania alikaa hospitalini kando ya kitanda cha mkewe Merabu, akimsomea Zaburi. Merabu alikuwa amemwomba jambo moja tu: "Baba Eliya, nikiondoka, niondoke nikisikia sauti yako."

Siku ya kumi na nane, adhuhuri, usingizi ulimwiba kitini. Alipozinduka, muuguzi alikuwa akimfunika Merabu uso kwa shuka.

"Mbona hukuniamsha, binti yangu?"

"Alinikataza, baba. Alisema, 'Mwache apumzike, amechoka.'"

Zefania akalia kwa sauti, yeye aliyewahubiria watu miaka thelathini kwamba wakeshe. Walipokwisha kumtoa Merabu, alikunja kanga zake, akashika njia.

"Baba mwinjilisti," akaita bibi wa kitanda cha jirani. "Mimi sina mtu. Siku zote hizi nami nimekuwa nikisikiliza. Leo uliishia katikati."

Alisimama mlangoni kitambo kirefu, amempa mgongo. Kisha akarudi, akaketi, akafungua Biblia. Machozi yaliziba maandishi. Akafumbua kinywa, sauti isitoke. Bibi akafumba macho, akangoja.