Njia ya Chemchemi

Josias aliandika programu za kompyuta kwa kampuni moja ya Bunia, kazi aliyojifunza Kampala. Jumapili, akitoka misa, alijipumzisha kwa kuchora ramani: alifungua picha zilizopigwa kutoka angani na kuchora kila paa aliloliona.

Jumapili hiyo picha mpya za kijiji chao zilikuwa zimefika. Mama yake akavuta kiti karibu.

Mapaa hayakuwepo. Penye kila nyumba palibaki doa jeusi. Kijiji kilikuwa kimechomwa mwaka uliopita. Waliokufa walizikwa, walionusurika wakakimbilia mjini. Baba yake peke yake hakuonekana upande wowote.

"Futa," mama akasema. "Kule hakuna mutu tena."

Akafuta kwenye ramani nyumba alizokuwa amezichora zamani, moja moja. Alipofika kwao, mkono ukasita. Kutoka kwenye doa lao, mstari mwembamba mweupe ulishuka hadi chemchemi. Njia nyingine zote zilikuwa zimemezwa na majani.

Mama akaweka kidole juu ya kioo, akaufuata mstari ule polepole, kwenda na kurudi.

"Siye wote tuko hapa," akasema. "Nani anaendaka ku mayi?"