Umeamkaje, Mama?

Siku hizi mfuko wa ruzuku za shule hausomi tena maombi, husikiliza salamu. Mwalimu anayeiombea shule yake mradi hufungiwa kinasa sauti ukutani nyumbani kwake, na yeyote humo akijibu “salama”, huhesabiwa kwamba hakuna shida.

Mwalimu Yusta aliomba paa la darasa la tatu, akanyimwa kwa sababu mama yake mzazi, anayeishi naye, alijibu “salama” kila asubuhi.

“Mama, nikikuuliza umeamkaje, sema vibaya. Watoto wananyeshewa.”

“Yaani nimkufuru Mungu asubuhi yote hii kwa ajili ya bati?”

Hata hivyo alikubali, na Yusta akaomba tena. Tangu hapo, kila asubuhi mama alikigeukia kinasa sauti, akakikonyeza, kisha akajibu, “Vibaya mno, mwanangu.”

Mabati yakaja. Mkataba ukataka kinasa sauti kibaki hadi mradi ukamilike.

Leo Yusta aliuliza huku akifunga viatu, “Umeamkaje, Mama?”

“Vibaya, mwanangu.”

Yusta alitabasamu, akachukua mkoba wake. Alikuwa ameshafika mlangoni alipotambua kwamba mama hakukigeukia kinasa sauti. Alikuwa akimtazama yeye.