Krismasi Bila Moshi

Ilikuwa saa saba mchana, siku ya Krismasi, na jikoni kwa Wamboi hakuna aliyewasha moto. Unga haukukandwa. Kuku walikuwa wakijitembelea uani bila wasiwasi. Roselyne alikulia Malakisi, kule Bungoma, na kwao Krismasi isiyo na chapati ni sawa na matanga.

"Mama, niteleke maji?" alimuuliza mama mkwe wake.

"Maji ya nini?" Wamboi akajibu. Macho yake hayakubanduka kwenye njia ya kuingia bomani.

Ilikuwa Krismasi ya kwanza ya Roselyne akiwa mke wa Kibe, kwenye shamba hili la nje ya Kitale, pale Trans-Nzoia inapokomea mtoni na ng'ambo kuwa Bungoma. Alikuja na kitenge kipya na mtoto wa miezi mitano, Kagwe, aliyerithi jina la babu yake. Alitaka jambo moja tu: wamhesabu kuwa mmoja wao. Lakini tangu asubuhi alikuwa akiona kinyume. Akiingia, wananyamaza. Wakizungumza Kikuyu, anachokamata ni jina lake tu.

Kisha akaona viatu. Siku ambayo watu huvaa vya ngozi vilivyong'arishwa, hawa wote walikuwa na raba. Shemeji yake Ndirangu, anayelea wanawe peke yake, alikuwa amepiga magoti akiwafunga kamba za viatu kwa mafundo mawili mawili.

Babu Kagwe hakufa kwa ugonjwa. Kibe alimsimulia Roselyne mara moja tu, kisha hakutaka kuulizwa tena: mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, yeye akiwa mtoto, walikimbia kuelekea mtoni, na baba akarudi kuwafungulia ng'ombe. Hakuonekana tena. Na sasa siasa zilikuwa zimeanza kuchacha upya. Juzi tu, sokoni Kitale, Roselyne alimsikia mtu akisema kuna watu watajua kwao ni wapi.

"Kibe, kuna nini?"

"Mvalishe mtoto sweta," Kibe akasema, akageuza uso. Kibe hakuwa mtu wa kumkwepa mkewe.

Ndipo Wamboi akachukua mwiko, akagonga sufuria tupu. Mara moja tu.

Watoto wakanyamaza kimya. Kila mtu mzima akanyakua mfuko uliokuwa nyuma ya mlango. Ndirangu akafungua mlango wa uani, akachungulia kushoto na kulia, akawapungia wanawe mkono watangulie.

Wamboi akamshika Roselyne mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi. "Wewe unaweza kubaki, mwanangu. Si wewe wanatafuta. Kaa hapa na mtoto, funga mlango. Wakija, waongeleshe lugha ya kwenu."

"Na Kibe?"

"Kibe ni wangu. Anaenda na mimi."

Roselyne akamtazama mumewe. Alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Hasira zikampanda. Mume gani huyu?

Ni kweli, kubaki kulikuwa rahisi. Angekaa kitini, amnyonyeshe mwanawe, na wakija awasalimie kama mama yake alivyomfundisha. Nani angemlaumu? Mtoto angekuwa salama. Lakini Wamboi alikwisha kutoka nje, akichechemea na goti lake bovu, na Roselyne akajiuliza huyu Kagwe mdogo akikua atamwambia nini. Kwamba siku watu wake walipokimbia, mama yake alifunga mlango?

Akamfunga mtoto mgongoni kwa kile kitenge kipya, akakimbia.

Walipita kwenye nyasi za ng'ombe zilizomzidi mtu urefu, majani yakimchana mikono. Hakuna aliyesema. Hata kitinda mimba wa Ndirangu, mtoto wa kulialia, alikimbia amebana midomo. Kagwe alipoanza kunung'unika, Roselyne akampitishia kidole nyuma ya bega anyonye, huku yeye mwenyewe akilia. Ni yeye peke yake aliyegeuka kutazama walikotoka. Hakuona moshi wala watu, na kimya kile kikamtisha kuliko kelele.

Wakaingia mtoni. Maji yalimfika magotini na mawe yaliteleza. Wamboi, aliyekuwa mbele, akanyoosha mkono bila kugeuka. "Shika hapa."

Ng'ambo palikuwa na nyumba ya mabati, milango na madirisha yamefungwa. Roselyne akataka kupiga ukelele. Nani amewaambia kwamba wanaowatafuta hawajatangulia kufika? Lakini Wamboi alikwisha kuinua ngumi, akabisha.

Mlango ukafunguliwa.

Ndani meza tatu zilikuwa zimeunganishwa, zimetandikwa vitambaa vyeupe. Chapati zilirundikwa kama matofali, kuku wameungwa, na watu wa nyumba ile, wazee kwa watoto, walikuwa wamekaa na nguo zao za kanisani, sahani mbele yao tupu. Mwenye nyumba, Dinah, wa rika la Wamboi, akamkumbatia mwenzake, na wale wanawake wawili hawakuachana upesi.

Kisha Dinah akamwona Roselyne mlangoni, ana matope hadi magotini, mtoto mgongoni.

"Ati huyu amekuja!" akasema, akimvutia kiti. "Kaa mama, Krismasi njema. Kila mwaka wanavuka hivi kuja kwangu, kama siku ile nilipowaficha. Yule mke wa Ndirangu alibaki, tulimngoja mpaka chakula ikapoa."