Mishahara ya Wakubwa

Sheria mpya ilitaka mishahara ya wakubwa wa chuo ibandikwe ukutani, kila mtu aione. Haikusema ibandikwe kwa kimo gani.

"Fundi, ubao wa mishahara upigilie kule juu, karibu na dari," bosi wa utawala aliniambia. Nikaupigilia.

Niliposhuka, wanafunzi walikuwa wamejaa, shingo nje kama kobe.

"Huyu fundi anadhani sisi twiga?" mmoja alisema, wakacheka.

Binti yangu alikuwa kati yao. Ada yake ilikuwa imepandishwa juzi. Hakucheka. Alitazama vumbi la chokaa kwenye nywele zangu, kisha ngazi begani.

"Baba, tuazime ngazi basi, tusome."

"Ngazi ni mali ya ofisi," nikasema.

Akanipisha njia, kama anavyompisha mtu asiyemjua.