Joto la Ukutani

Kuta zote za jengo lile la Tukuyu zilipakwa utando mwembamba wa metali. Joto la chumba kimoja liliteleza juu yake kama mawimbi hadi kwenye chumba chenye baridi zaidi. Sheria ilikuwa hiyo: hakuna anayeota moto peke yake.

Atuganile alikuwa ndani ya arobaini yake ya uzazi, hatoki. Mama yake alichochea jiko tangu alfajiri, lakini kichanga kilizidi kutetemeka. Joto lilimpandia Tusajigwe wa orofa ya juu, naye pia mzazi mwenye kichanga.

“Sheria haijawahi kunyonyesha,” mama alisema, akaanza kukandika udongo ukutani. “Mawimbi yakikuta tope yanakufa.”

Kufika adhuhuri chumba kilikuwa na joto. Mtoto akanyonya. Atuganile akalia kwa furaha.

Ndipo dari likagongwa. “Dada Atu! Jiko lenu limezimika? Mwanangu anapoa!”

Mama akamziba mdomo. “Nyamaza. Atadhani tumelala.”

Mama alipoinuka kuongeza mkaa, Atuganile akabandua kipande cha udongo kwa ukucha, kisha kingine. Vidole vya mwanawe vikaanza kupoa kifuani pake.

Juu, kugonga kukakoma. Atuganile hakujua kama ni joto lililofika, au limechelewa.