Palipopwaya

Pasi ilikwenda na kurudi juu ya shati, na mvuke ukapanda mbele ya televisheni mpaka waigizaji wakawa kama watu wanaotembea mawinguni.

Mtunzi alikaa kochini, roho juu. Kila kipindi chake cha vichekesho kiliporushwa, hakimu alikuwa mkewe. Kila mara alinyoosha nguo huku akitazama, na kipindi kikiisha alimwambia palipokolea na palipopwaya.

Leo, mke wa kwenye kipindi alimwambia mumewe, "Mimi humu ndani ni mgeni, ila mgeni anayepika." Studio nzima ikaangua kicheko.

Pasi ikasimama.

Maneno yale mtunzi hakuyatoa kichwani. Mkewe aliyasema sebuleni humu humu, kwa sauti ya chini, na siku hiyo mtunzi akatia pamba masikioni. Lakini masikio yalisikia. Baadaye mkono ukaja kuyaandika.

Kwenye televisheni mume na mke wakakumbatiana, muziki ukaingia, kipindi kikaisha.

"Haya, mwenzangu, nipe ukweli," mtunzi alisema, akilazimisha tabasamu. "Kimekolea wapi?"

Mkewe akainua pasi. Kifuani pa shati palibaki alama ya kahawia, yenye ncha kama jani.

"Kwa yule mke," alisema taratibu, kama anayeongea usingizini. "Kila alichosema ni kweli."

"Na kimepwaya wapi?"

Mkewe akachomoa waya ukutani, akauzungushia pasi polepole, mzunguko juu ya mzunguko.

"Mwisho. Mwanamke yule asingebaki."