Bin Nani

Mmoja wa vijana waliolinda kizuizi cha barabarani, njia ya Kinama, aligusa kifungo cha shati langu kwa ncha ya panga.

"We muzee, jina?"

"Tajudini bin Rachidi."

"Iyo ni ya kabila gani?"

"Ya Kiislamu."

"Apana. Ongeza mababu."

"Bin Sefu. Bin Khamisi."

"Ongeza!"

Kifungo kilidondoka. Khamisi ndiye aliyesilimu. Baba yake alikuwa na jina la Kirundi na ukoo unaojulikana kabila lake. Lakini vijana hawa walikuwa Wahutu au Watutsi? Jina hilo lingenipitisha au lingeniua. Niliwatazama nyuso, sikuelewa kitu.

Nikampa baba yake Khamisi jina wanalopewa baba za waliosilimu.

"Bin Abdallah. Mtumwa wa Mungu."

Kijana alimgeukia mwenzake, panga likiwa palepale.

"Uyo mutumwa, alikuwa Muhutu ao Mututsi?"